Anayeingia Zamu ya Tisa

Wengi wetu tulioko Marekani tunaishi na besiboli kama mtu anavyoishi na jirani asiyemjua jina. Tunaikuta kwenye televisheni ya chumba cha mapumziko kazini, watoto wanarudi nayo kutoka shule, wagonjwa wazee wanaomba wawekewe hiyo hata kabla ya kuomba dawa ya maumivu. Sisi tuliolelewa na Simba na Yanga, au Gor Mahia na AFC Leopards, tunatazama dakika kumi, tunaona watu wamesimama tu, mmoja anatafuna kitu, mwingine anajikuna, basi tunabadilisha chaneli. Nami niliishi hivyo miaka mitatu. Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wodini aliyekuwa hapati usingizi, akawa ananifafanulia mchezo kidogo kidogo kila nilipoingia kumpima presha. Jambo la kwanza alilonifundisha lilimhusu mchezaji ambaye kwa sehemu kubwa ya mchezo huwa hata haonekani. Naye ni mrushaji wa akiba.

Nieleze kwa ufupi kwa asiyejua. Besiboli ina vipindi tisa, nami nitaviita zamu, maana ndivyo vilivyo: timu moja inapiga na nyingine inarusha, kisha zinabadilishana. Mrushaji anasimama juu ya kilima kidogo cha udongo katikati ya uwanja, mfano wa kichuguu, na kumrushia mpira mpigaji wa timu pinzani. Yule anayeanza mchezo hucheza siku moja kisha anapumzishwa siku nne hivi, kwa sababu atakuwa amerusha mipira karibu mia moja kwa nguvu zake zote. Akichoka au akielemewa, kutoka benchi la makocha inapigwa simu. Inalia ng'ambo ya pili, kwenye eneo la pembeni wanakokaa warushaji wa akiba, panapoitwa bulpeni. Mmoja anaambiwa aanze kupasha mkono joto. Dakika chache baadaye mlango unafunguliwa, naye anatoka peke yake hadi katikati ya uwanja, watu elfu arobaini wakimtazama, kupokea mchezo ambao hakuuanza.

Mara nyingi anaupokea ukiwa umeshaharibika. Wapinzani wawili wako kwenye besi, wanasubiri pigo moja tu wakimbie nyumbani kupata pointi. Hao hakuwaweka yeye, wamewekwa na aliyemtangulia. Wana jina lao kwenye takwimu: wakimbiaji wa kurithi. Wakifunga, pointi zinaandikwa kwa yule aliyewaacha, wala si kwa aliyewapokea. Mzee wangu aliponieleza hilo nilicheka mpaka nikakaa. Muuguzi yeyote aliyewahi kupokea zamu saa moja usiku, mwenzake tayari amevaa koti, dripu imevimbisha mkono wa mgonjwa wa kitanda cha nne na ndugu zake wamesimama mlangoni wamekunja uso, anawajua wakimbiaji wa kurithi vizuri kabisa. Tofauti ni kwamba sisi hatuna mwandishi wa takwimu wa kuonyesha ni nani aliyeacha nini.

Miongoni mwa warushaji wa akiba kuna mmoja wa mwisho kabisa, wa kufunga mchezo. Huyu huingia zamu ya tisa timu yake ikiongoza kwa tofauti ndogo, kazi yake ni kuhakikisha uongozi hauponyoki. Akifanikiwa anaandikiwa kitu kinachoitwa kuokoa mchezo, hesabu iliyokubaliwa rasmi na ligi kuu mwaka 1969 baada ya kubuniwa na mwandishi wa habari za michezo wa Chicago, Jerome Holtzman. Akishindwa, kazi ya wenzake ya saa tatu inapotea mikononi mwake, na kesho yake anatakiwa arudi tena.

Mtu ninayetaka kumzungumzia leo alifanya kazi hiyo, kisha akaja kuwa kocha. Anaitwa Dave Righetti, mrushaji wa mkono wa kushoto, mzaliwa wa San Jose, California, mwaka 1958. Besiboli aliikuta nyumbani. Baba yake, Leo, alicheza katika timu za madaraja ya chini za klabu ya Yankees ya New York, ila ligi kuu hakuifikia. Mtoto alichaguliwa kwanza na klabu ya Texas Rangers mwaka 1977. Mwaka uliofuata, akiwa bado madaraja ya chini huko Tulsa, aliwatoa wapigaji 21 katika mchezo mmoja, na kabla mwaka haujaisha akauzwa Yankees, klabu ile ile ya baba yake. Mwaka 1981 akatajwa mchezaji bora chipukizi wa ligi ya Marekani, ile American League, mojawapo ya ligi mbili zinazounda ligi kuu.

Siku yake kubwa ilikuwa tarehe 4 Julai 1983, sikukuu ya uhuru wa Marekani. Uwanja wa Yankees, joto kali, wapinzani ni Boston Red Sox, mahasimu wa tangu zamani. Righetti, kijana wa miaka 24, alianza mchezo na akaumaliza mwenyewe bila Boston kupata hata pigo moja halali. Mchezo wa namna hiyo mrushaji anaweza kumaliza maisha yake yote asiupate. Yankees walikuwa hawajaupata tangu mwaka 1956. Mpigaji wa mwisho alikuwa Wade Boggs, ambaye mwaka huo ndiye aliyeongoza ligi kwa wastani wa upigaji na ilikuwa nadra sana kumtoa kwa kumkosesha mpira. Righetti alimtoa hivyo hivyo, akapiga hewa. Matokeo 4 kwa 0.

Ukiwa na kijana wa namna hiyo utamfanya nini? Mimi na wewe tungemwacha aendelee kuanza michezo mpaka azeeke. Yankees hawakufanya hivyo. Mrushaji wao wa kufunga mchezo, Goose Gossage, aliondoka akaenda San Diego baada ya msimu huo wa 1983, pakabaki pengo zamu ya tisa. Msimu wa 1984 wakamchukua Righetti, aliyekuwa ametoka tu kutunga historia, wakampeleka bulpeni. Mashabiki wa Yankees wa umri fulani bado wanabishana kuhusu uamuzi ule. Mzee wangu wa wodini alikuwa upande wa waliokasirika, na aliukasirikia kana kwamba umefanyika wiki iliyopita.

Nadhani hasira ile ina haki yake. Mrushaji wa kuanza ndiye mwenye heshima. Siku ya mchezo jina lake linatangazwa, mchezo unahesabiwa kuwa wake, ushindi na kushindwa vinaandikwa kwake. Wa akiba kwa kawaida ni mtu aliyeshindwa kuwa wa kuanza. Kumtoa mtu kwenye nafasi ya kwanza na kumweka nyuma ya uzio, hata ukimwambia kwamba timu inamhitaji huko zaidi, machoni pa watu kunaitwa kushushwa.

Lakini angalia alichokifanya. Mwaka huo wa 1984 aliokoa michezo 31. Mwaka 1986 aliingia michezoni mara 74 na kuokoa michezo 46, rekodi ya ligi kuu yote wakati huo. Rekodi ya awali ilikuwa 45, na aliivuka siku moja, tarehe 4 Oktoba, Yankees walipocheza michezo miwili mfululizo ugenini Boston, naye akaiokoa yote miwili. Boston tena! Rekodi ilidumu hadi mwaka 1990, Bobby Thigpen wa Chicago White Sox alipofikisha 57.

Msimu huo huo wa rekodi ulikuwa na siku nyingine, nami naipenda zaidi. Ilikuwa Juni, Toronto, zamu ya tisa. Besi zote tatu zilijaa wapinzani, na George Bell akaupiga mpira wa Righetti ukaenda nje ya uzio. Pointi nne kwa mkupuo, uongozi ukapotea. Righetti alipopewa mpira mpya, badala ya kumrushia mpigaji anayefuata, aligeuka na kuuvurumisha kwa hasira mpaka ukavuka uzio nao. Watu waliokuwepo hawakusahau. Miezi mitatu na nusu baadaye mtu huyo huyo alikuwa na rekodi mkononi. Kila mara nikisoma takwimu zake za 1986 nakumbuka kwamba mpira ule nao umo humo ndani, ingawa haukuandikwa.

Hadi anaondoka Yankees alikuwa ameokoa michezo 224, nyingi kuliko mrushaji mwingine yeyote wa klabu hiyo, mpaka alipokuja Mariano Rivera. Kisha mambo yakawa kama yanavyokuwa kwa kila anayetumia mwili kutafuta riziki. Mwaka 1991 alirudi karibu na kwao, San Francisco, kuchezea Giants. Mwaka wa kwanza aliokoa michezo 24. Wa pili mitatu. Wa tatu mmoja. Nafasi ilichukuliwa na kijana, Rod Beck, na mwisho wa 1993 klabu ikamwacha. Akapita Oakland, akapita Toronto, akamalizia Chicago mwaka 1995 akiwa na miaka 36, na jambo la ajabu ni kwamba huko Chicago walimpa nafasi ya kuanza michezo kadhaa, kazi aliyoondolewa miaka kumi na moja nyuma. Jumla ya maisha yake yote: michezo 252 aliyoiokoa.

Hapo ndipo ninapoileta barua. Dada mmoja wa kwetu aliyeko Texas, msomaji wa safu hii tangu mwanzo, aliniandikia mwezi uliopita. Ana miaka 38. Miaka kumi na miwili amefanya zamu za usiku, saa moja jioni mpaka saa moja asubuhi, na nyingine za nyongeza juu yake, kwa sababu usiku unalipa zaidi na nyongeza inalipa zaidi ya usiku. Kwa pesa hizo anasomesha wadogo zake wawili na anajenga Morogoro. Sasa mgongo umeanza kumsumbua, na mkuu wake wa wodi amemwambia wanamhitaji kwenye kazi ya kuwafundisha wauguzi wapya, mchana, Jumatatu hadi Ijumaa. Mshahara wa msingi unapanda kidogo, lakini posho ya usiku inaondoka na nyongeza zinaondoka, kwa hiyo akijumlisha yote atapokea pungufu. Alipompigia mama yake kumweleza, mama alikaa kimya kidogo kisha akauliza: "Kwani umekosa nini, mwanangu, mpaka wamekushusha?"

Dada, barua yako nimeisoma mara nyingi. Swali la mama si la mtu asiyeelewa. Nyumbani tunapima kazi kwa kinachofika kupitia simu mwisho wa mwezi, na tumewazoesha hivyo sisi wenyewe. Tena wengi wetu huku tunaona kwamba muuguzi wa kweli ni yule wa kitandani kwa mgonjwa, na anayehamia kufundisha amekimbia. Nimelisikia hilo likisemwa chumba cha mapumziko na watu wenye shahada. Ndiyo maana nimekuletea Righetti, na habari yake inayokuhusu zaidi inaanzia pale mkono wake ulipokwisha.

Mwaka 2000 Giants, klabu ile ile iliyomwacha, ilimwajiri kuwa kocha wa warushaji. Alikaa kwenye kazi hiyo misimu 18, mpaka 2017. Kocha mkuu alikuwa Dusty Baker, akaondoka. Akaja Felipe Alou, akaondoka. Akaja Bruce Bochy. Wakuu watatu, kila mmoja na tabia zake, na kocha wa warushaji ni yule yule. Katika michezo ya Marekani hilo ni jambo la nadra, kwa kuwa kwa kawaida mkuu mpya anakuja na watu wake.

Kazi yenyewe ni ya watu wanaopenda vitu vidogo. Kocha wa warushaji hutazama mazoezi ya kila mrushaji katikati ya siku zake za mchezo, anahesabu mipira iliyorushwa, anaangalia kama kiwiko kimeanza kushuka au mguu unatua pasipo pake. Mchezo ukiendelea anaruhusiwa kutembea hadi kwenye kile kichuguu kuzungumza na mrushaji, lakini akienda mara ya pili kwa mrushaji huyo huyo katika zamu moja, lazima mrushaji atolewe. Kwa hiyo safari moja, maneno machache, mkono umefunika mdomo wapinzani wasisome midomo, kisha anarudi kukaa. Pointi hapewi. Kwenye takwimu za mchezo hakuna safu ya jina lake.

Na mwili wa mrushaji ni kitu chepesi kuvunjika kuliko unavyodhani. Kuna kano ndogo upande wa ndani wa kiwiko inayobeba mzigo wote wa kila mpira unaorushwa. Ikikatika, upasuaji ni wa kuchukua kano nyingine kutoka kwenye kifundo cha mkono au mguuni na kuipandikiza pale. Daktari Frank Jobe aliufanya kwa mara ya kwanza mwaka 1974, kwa mrushaji Tommy John, na mpaka leo unaitwa kwa jina la mgonjwa badala ya la daktari, jambo linalonifurahisha kila nikilikumbuka. Kupona ni mwaka mzima au zaidi. Uti wa mgongo wa muuguzi anayegeuza wagonjwa usiku kucha hauna upasuaji mzuri kiasi hicho, dada, na hilo nakwambia kama mtu wa kazi.

Sasa, wanafunzi wake. Mwaka 2007 aliingia kijana anayeitwa Tim Lincecum, mwembamba, mfupi kwa kipimo cha warushaji, anarusha kwa kujipinda mwili mzima kama mtu anayetaka kuruka mto. Mtindo ule alifundishwa na baba yake tangu utotoni, na baba hakutaka makocha waugusegusa. Kocha mwenye kiburi angeanza kwa kumnyoosha. Giants walimwacha kama alivyo. Akashinda tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa ligi, mwaka 2008 na tena 2009, mfululizo. Mtu akiniuliza ushahidi wa ualimu mzuri nitamtajia hiyo kwanza: kujua usichopaswa kugusa.

Au Jonathan Sánchez, kijana wa Puerto Rico. Katikati ya mwaka 2009 alikuwa ameondolewa kwenye nafasi ya kuanza na kupelekwa bulpeni. Tarehe 10 Julai mrushaji mkongwe Randy Johnson alikuwa majeruhi, Sánchez akaitwa kuziba pengo. Baba yake alikuwa uwanjani, kwa mara ya kwanza kumwona mwanawe akianza mchezo wa ligi kuu. Sánchez akarusha mchezo mzima bila San Diego kupata pigo hata moja, na laiti mwenzake mmoja asingekosea zamu ya nane, hakuna mpinzani ambaye angekanyaga besi. Wazazi wetu wengi hawajawahi kutuona tukifanya kazi. Wanajua kwamba tunafanya, basi. Nilipotazama picha za baba yule nilizima simu nikaenda kupika.

Au Ryan Vogelsong. Giants ndio waliomchukua mwaka 1998, wakamuuza Pittsburgh mwaka 2001, huko mambo hayakwenda vizuri, akaenda Japani miaka mitatu kutafuta maisha. Mwaka 2011 alirudi San Francisco, anakaribia miaka 34, hakuna aliyemtegemea. Msimu huo alishinda michezo 13 na kuchaguliwa kwenye kikosi cha nyota wa ligi.

Giants walikuwa hawajatwaa ubingwa tangu wahamie San Francisco kutoka New York miaka ya hamsini. Mwaka 2010 walikuwa na warushaji walioruhusu pointi chache zaidi katika ligi kuu yote, wastani wa 3.36 kwa mchezo wa zamu tisa, na wakachukua ubingwa kwa kuwafunga Texas Rangers, wale wale waliomchagua Righetti kijana. Wakachukua tena 2012. Wakachukua tena 2014.

Huo wa 2012 ndio ninaotaka uutazame. Lincecum, bingwa wa tuzo mbili, alikuwa na msimu mbaya kuliko yote, alishinda 10 na kupoteza 15, mwendo wa mpira umepungua. Ilipofika michezo ya mtoano, Bochy akamtoa kwenye kundi la wanaoanza na kumweka bulpeni. Kijana aliyekuwa mfalme, nyuma ya uzio, anangoja simu. Sijui ni wangapi kwenye benchi lile walikuwa na haki ya kumwangalia usoni, ila mmoja alikuwa nayo. Kocha wake alikuwa amepelekwa kule kule mwaka 1984, miezi michache tu baada ya siku iliyo kubwa kuliko zote katika maisha yake. Walichozungumza ni chao. Kilichoonekana ni kwamba mara tano Lincecum aliingia kutoka bulpeni katika mtoano ule, jumla ya zamu 13, akaruhusu pointi moja. Kwenye fainali yenyewe dhidi ya Detroit hakuruhusu hata moja.

Mwaka huo huo mrushaji wao wa kufunga mchezo, Brian Wilson, aliyeokoa michezo 48 mwaka 2010, alipasuliwa kiwiko mwanzoni tu mwa msimu. Ndiyo maana aliyesimama kwenye kichuguu mpira wa mwisho wa ubingwa ulipokuwa unarushwa ni Sergio Romo, kijana wa wazazi wenye asili ya Meksiko kutoka mji mdogo wa Brawley karibu na mpaka. Romo alijulikana kwa mpira unaokata kona. Mbele yake alikuwa Miguel Cabrera, mpigaji wa kutisha kuliko wote mwaka ule. Akamrushia mipira inayokata kona mmoja baada ya mwingine, kisha wa mwisho akaurusha umenyooka, katikati kabisa, wala si wa kasi kubwa. Cabrera alisimama akautazama unapita. Mchezo ukaisha hapo.

Na 2014, Madison Bumgarner, mrushaji wa kuanza, alicheza mchezo mzima wa tano wa fainali, na siku tatu baadaye, mchezo wa saba huko Kansas City, alitoka bulpeni akarusha zamu tano bila kuruhusu pointi. Giants walishinda 3 kwa 2, na kwenye kitabu Bumgarner aliandikiwa kuokoa mchezo. Kufikia wakati huo katika klabu ile kutoka bulpeni hakukuwa tena adhabu.

Msimu wa 2017 Giants walipoteza michezo 98. Mwezi Oktoba Righetti aliondolewa kwenye ukocha na kupewa kazi ya msaidizi maalumu wa meneja mkuu. Kazi ya ofisini. Wengine walisema amepandishwa, wengine wakasema ameshushwa, kwa maneno yale yale ya 1984.

Sasa nirudi Texas. Sikwambii uikubali kazi, dada, kwa sababu ada za wadogo zako hazilipwi na hadithi za besiboli. Nakwambia uipime vizuri. Muulize mkuu wako kama ni mshahara wa mwezi au wa saa, maana ukiwa wa mwezi mara nyingi nyongeza huwa hakuna tena, hata ukibaki mpaka saa mbili usiku. Uliza kama unaweza kushika zamu mbili za wikiendi kwa mwezi wodini, kwa malipo ya saa. Hospitali nyingi zinakubali, na mikono yako haitasahau kazi. Uliza kama watachangia ada ya masomo ya shahada ya uzamili, kwani wanaofundisha mara nyingi hutakiwa kuwa nayo baadaye, na kama watachangia, pata kwa maandishi. Bima ya ulemavu wa muda uichunguze kabla hujahama, si baada. Halafu kaa na karatasi, andika pesa za mwaka mmoja za kazi hii na za kazi ile, na kwenye hesabu ya zamu za usiku utoe miezi miwili ambayo mgongo unaweza kukulaza.

Kwa mama, mwambie mdogo wako akae naye amweleze kwa utaratibu, usimweleze kwa simu ukiwa kwenye maegesho ya magari. Mwambie amtajie idadi ya wauguzi wapya utakaowashika mkono kwa mwaka. Na fundi wa Morogoro ajue mapema kwamba bati zitasubiri kidogo, asije akazikopa dukani kwa jina lako.